YAH: BODI YA BOILA ILIYOUNGUZWA NA FUNDI WENU, NA WARANTI MNAYOIKATAA

Nyumba ya Wageni,
Area C, Dodoma.
14 Julai 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Nakala ya barua hii nimeipeleka tawini kwenu hapa Dodoma ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Simu nimeshapiga mpaka dada wa mapokezi ananitambua kwa sauti, kwa hiyo sasa naandika.

Nina nyumba ya wageni yenye vyumba kumi. Novemba mwaka jana mliniuzia boila ya gesi ya kufunga ukutani pamoja na tangi la lita 300 lenye koili ndani. Kazi ile mliifanya vizuri, nasema bila kinyongo. Boila ilikuja imeandaliwa kwa gesi asilia ya bomba, ambayo huku kwetu haijafika. Fundi wenu, mzee mmoja makini, alibadilisha nozeli zikawa za gesi ya mitungi, akapima moto, akatoa bomba la moshi nje. Akanifundisha pia kwamba tangi lisikae chini ya nyuzi 60 kwa sababu ya bakteria wa Legionella, na kwamba maji yachanganywe na ya baridi kabla hayajafika bafuni. Miezi sita sikuwa na neno. Mtungi wa kilo 38 ulikuwa unanikalia wiki nne. Nayataja haya mapema ili asitokee mtu wa kusema boila ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Kilichonitia matatani ni themostati janja, yaani kidhibiti joto cha kuendesha kwa simu.

Mwezi Mei kijana wenu wa mauzo alinipigia. Ni msimu wa Bunge la bajeti, vyumba vimejaa, kipupwe kinabisha hodi. (Wanaosema Dodoma ni joto hawajawahi kuoga huku alfajiri ya Julai.) Akanieleza kuwa boila yangu inapasha maji mchana kutwa wakati wageni wako kwenye shughuli zao, na kwamba nikifunga themostati ya kuendesha kwa simu itawasha alfajiri na jioni tu. Zaidi ya hapo, akasema, themostati “itaongea na boila” ili ishushe moto kidogo kidogo badala ya kuwaka kwa nguvu zote kisha kuzima. Nikalipa Sh 620,000 pamoja na ufungaji. Risiti ya EFD ninayo.

Hilo la kuongea nimekuja kulielewa baadaye. Ili themostati iongee na boila, vyote viwili vinahitaji kujua lugha moja, na ya kwenu inaitwa OpenTherm: nyaya mbili zinazobeba taarifa, boila ikaambiwa maji yafike nyuzi ngapi. Themostati mliyoniuzia inaijua lugha hiyo. Boila mliyoniuzia haiijui. Ina tominali mbili (sehemu za kukazia nyaya) za kuwasha na kuzima, basi: zikigusana inawaka, zikiachana inazima. Kwa boila ya namna hiyo themostati janja ni swichi yenye saa na intaneti. Ni swichi nzuri na pengine ningeinunua hata hivyo, lakini kwa bei ya swichi. Kijana wenu alikuwa na kumbukumbu za manunuzi yangu mbele yake wakati ananisifia bidhaa.

Tarehe 3 Juni akaja fundi wa kufunga, kijana mpole mwenye shati la kampuni. Akafunga kipokezi, kinachopokea amri za themostati, pembeni ya boila, na kihisi joto kwenye tangi. Akahangaika saa nzima na Wi-Fi kwa sababu kifaa chenu kinakamata masafa ya 2.4 GHz tu na ruta yangu ilikuwa imewekwa kwenye 5. Hilo silihesabu, linatokea. Kisha akaniuliza nataka maji yawe tayari saa ngapi. Nikamjibu saa kumi na moja alfajiri, maana wageni wa mabasi na wa treni wanaamka mapema. Akaandika 11:00.

Naam, saa kumi na moja alfajiri akaandika 11:00. Mtu aliyezaliwa na kukulia Tanzania.

Lakini siku zile hatukujua, na hapa ndipo naomba msome taratibu. Saa ilikuwa imekosewa kwa saa sita nzima, hata hivyo alfajiri maji yalikuwa ya moto. Yalikuwa ya moto kupita kiasi. Mgeni wa chumba namba 4 alinijia na kiganja chekundu akiuliza kama tunapika chai bafuni. Nikaingia kwenye simu nikashusha kutoka 60 hadi 55, japo fundi mzee alikuwa amenionya. Simu ikakubali, maji yakakataa. Vali ya usalama ya tangi nayo ikaanza kudondosha matone, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Aliyeng'amua si mimi wala mwanangu mwenye simu tatu. Ni mlinzi wetu, mzee wa Kigogo anayekaa kwenye kiti chake karibu na chumba cha boila. Aliniambia, “Mama, hiki chombo chenu hakilali. Mimi nasinzia, chenyewe kinaunguruma.” Usiku wa tarehe 14, saa nane, nikatoka na kitenge mabegani na simu mkononi. Simu inaonesha kuwa kimezimwa. Kwenye kidirisha cha boila moto unawaka. Nikazima swichi ya kipokezi ukutani, taa yake ikafa, boila ikaendelea kana kwamba haijaambiwa kitu. Nina picha ya simu na moto vikiwa pamoja, saa inaonekana.

Kesho yake mwanangu, ambaye si fundi, alikaa na kitabu cha boila. Kimeandikwa Kiitaliano na Kiingereza, na ukurasa wa nyaya una mchoro ambao hata mimi niliuelewa. Boila inatoka kiwandani ikiwa na kipande cha waya, jampa, kinachounganisha zile tominali mbili ili iweze kufanya kazi kabla themostati haijafungwa. Siku ya kufunga themostati unatoa jampa na kuweka nyaya za themostati mahali pake. Fundi wenu aliacha jampa palepale akakaza nyaya zake juu yake. Maana yake ni kwamba boila ilikuwa imeamriwa kuwaka usiku na mchana, huku themostati ikipiga soga na ruta. Kilichokuwa kinaizuia ni kikomo chake yenyewe cha nyuzi 75, na tangi lilikuwa linaifuata huko huko. Kwa joto hilo ngozi ya mtu haihitaji hata sekunde chache kuungua.

Kosa la saa na kosa la jampa yalikuwa yanafichana. Jampa ingetolewa, wageni wangeoga maji ya baridi alfajiri ya kwanza na hiyo 11:00 ingejulikana siku hiyo hiyo. Fundi angesubiri dakika kumi tu baada ya kazi, akazima kwa simu akatazama kidirisha, angejua kila kitu. Alikuwa na haraka ya kwenda kwa mteja mwingine mtaa wa Kisasa.

Mtungi niliofunga tarehe 2 Juni uliisha tarehe 14. Siku kumi na mbili.

Nilipopiga simu niliambiwa nisiguse kitu chochote, nikigusa waranti inakufa. Nikatii. Siku sita nikawa nawasha na kuzima boila kwa mkono kwenye swichi kubwa, alfajiri na jioni, kazi ile ile niliyolipa Sh 620,000 ili nisiifanye.

Tarehe 20 Juni akaja fundi mwingine. Akatoa jampa, tukamshukuru. Halafu akafungua kipokezi akaweka kipande cha waya kutoka tominali ya L, yenye umeme, kwenda ya COM, mlango wa swichi ya kipokezi. Mwanangu akamwuliza cha nini. Akajibu, “Bila umeme itajuaje kuwaka?” Kwenye mfuniko wa kipokezi kuna michoro miwili. Mmoja ni wa boila zinazowashwa kwa umeme wa volti 230, na hapo kweli unaunganisha L na COM. Wa pili ni wa boila zinazotaka mguso mkavu, yaani relei, swichi ndogo ndani ya kipokezi, izikutanishe nyaya mbili za boila yenyewe bila umeme wowote wa nje kupita. Yangu ni ya namna ya pili, na kitabu chake kinakataza kabisa kupeleka volti 230 kwenye tominali hizo. Mwanangu alimwonesha ukurasa. Fundi akasema amefunga nyingi.

Akawasha. Relei ilipogonga tu tukasikia “pa!”, ikaja harufu ya plastiki iliyoungua, skrini ya boila ikafa; iliyoungua ni bodi, sakiti inayoiongoza boila. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba umeme wa Dodoma una matatizo. Ndugu Meneja, wakati huo friji mbili, televisheni na taa zote za nyumba vilikuwa vinafanya kazi na vinafanya kazi mpaka leo. Hata kipokezi chenu, kilichokuwa chini ya swichi kubwa moja na boila, kinawaka. Huo ungekuwa umeme wa ajabu, kuchagua bodi moja ndani ya nyumba nzima.

Tarehe 2 Julai nikapokea barua yenu. Inasema waranti ya boila imebatilika kwa sababu “kifaa cha nje kimeunganishwa na mtu asiyeidhinishwa”, na kwamba bodi mpya ni Sh 780,000 bila ufundi. Nimeisoma mara tatu nikijaribu kukiona hicho kifaa cha nje. Kifaa kimetoka dukani kwenu. Mtu alikuja na gari lenu, na fomu ya kazi yenye nembo yenu ina saini yake na yangu. Kama hakuidhinishwa, basi mlinitumia mtu asiyeidhinishwa kufungua chombo cha gesi na umeme ndani ya nyumba wanamolala watu, na hilo ni zito kuliko bodi.

Tangu tarehe 20 Juni tunachemsha maji kwenye masufuria. Hita za kuchovya kwenye ndoo nimezikataa kwa sababu ya shoti. Mhudumu wangu anaanza kupandisha ndoo ngazini saa kumi alfajiri, na mwezi huu nimemwongezea mshahara, maana hiyo haikuwa kazi niliyomwajiria.

Ninachotaka kwenu ni hiki. Mnibadilishie bodi bila malipo, na kazi hiyo aifanye yule fundi mzee wa Novemba au mwingine anayesoma mchoro kabla ya kushika bisibisi. Akiwa hapa atoe ule waya wa L na COM, athibitishe jampa haipo, akague vali ya usalama ya tangi na kikomo cha joto, kisha aandike 05:00 mbele ya macho yangu. Asiondoke kabla hatujazima kwa simu na kuona moto ukizimika.

Gesi nadai ile iliyopotea tu. Mtungi wa Sh 145,000 ungenifikisha siku 28, ukanifikisha 12, zilizopotea ni 16, kwa hiyo ni Sh 82,800. Shilingi hamsini na kitu nimewasamehe. Kuhusu themostati kuongea na boila, mnirudishie tofauti ya bei kati ya hii na themostati ya kawaida ya kuwasha na kuzima mnayoiuza dukani, kwa kuwa ndiyo kazi pekee itakayofanya kwangu. Tena nipewe namba za leseni za EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) za ufungaji umeme za mafundi wawili waliokuja Juni, kama wanazo.

Nawapa siku 14, yaani mpaka tarehe 28 Julai. Zikipita nitapeleka jalada hili Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na mwanasheria niliyezungumza naye ameniongezea Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, kuhusu bidhaa kufaa kwa matumizi ambayo muuzaji aliambiwa. Nimeambatanisha risiti, fomu mbili za kazi, picha ya saa nane usiku, picha ya waya ndani ya kipokezi, na barua yenu.

Bodi iliyoungua ninayo. Fundi wenu aliitoa siku ile akataka kuondoka nayo, nikamkatalia. Iko ndani ya bahasha, imesainiwa na mimi na mlinzi, na alama nyeusi ya kuungua iko kwenye tominali zile mbili tu. Atakayetumwa kuichukua aje na bodi mpya mkononi.

Wenu,

Mwenye nyumba ya wageni,
Area C, Dodoma