Risala ya Wazee wa Tezi Dume kwa Mgeni Rasmi, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, daktari na mwanetu; viongozi wa kata; na nyinyi kina mama mnaoamshwa usiku kwa ajili yetu: karibuni sana.

Kikundi chetu kilizaliwa kwenye benchi la kliniki, kila mmoja akijifanya amekuja kupima presha. Leo tunasema wazi: ni tezi dume, iliyokua ikabana njia ya mkojo.

Mheshimiwa, sisi tumekulia kando ya mifongo, mifereji ya maji ya migombani. Mfongo ukiziba, maji hujaa, kingo hubomoka, ukizibua, yamekwisha. Tulidhani kibofu nacho ni hivyo hivyo. Mjukuu wa mwenzetu, anayesoma baiolojia, akatukosoa. Kibofu si udongo. Njia ya mkojo ikibana, ukuta wake huvutika, damu hupungua kuufikia, na seli za misuli huitikia kwa kubadili kazi ya jeni: nyingine huamka, nyingine husinzia. Jeni ni zile zile tulizorithi. Kinachobadilika ni zipi zinafanya kazi, na kwa kasi gani.

Panya wa maabara wakibanwa mrija wa mkojo, kibofu chao huongezeka uzito mara kadhaa ndani ya wiki chache. Mwanzoni hiyo ni nguvu, misuli inanenepa ipate kusukuma. Lakini jeni za kolajeni, zile nyuzi ngumu za makovu, nazo hushika kasi, zikichochewa na protini iitwayo TGF-beta, na ukuta huanza kukakamaa kama kovu. Protini nyingine, NGF, inayokuza neva, huongezeka pia, na neva huwa nyepesi kushtuka. Hapo ndipo tulipomwelewa mwenzetu aliyekwisha fanyiwa upasuaji na bado anakimbilia choo. Tulikuwa tukimcheka. Tumemwomba radhi kwa mbege, pombe yetu ya ndizi, kidogo tu, kwa sababu mnazozijua.

Maombi yetu ni mawili. Altrasaundi ya kupima mkojo unaobaki kibofuni ifike hadi zahanati za huku juu, maana wengi wetu huteremka mjini siku ya kuwekewa mpira wa mkojo, ukuta umeshakakamaa. Pili, usituchoke tukikuuliza kibofu kimefikia hatua gani. Kuambiwa "meza hizi, rudi mwezi ujao" hakututoshi tena.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha. Na kwa ruhusa yako, msomaji wa risala anaelekea nyuma ya ukumbi mara moja.