Kisiwa chao, maji yetu: kauli hiyo ni ya Sumba, si ya Migingo

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameshauri Uganda na Kenya ziende kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague zikagawiwe Ziwa Victoria, kama Kenya na Somalia zilivyoamuliwa kuhusu bahari tarehe 12 Oktoba 2021. Mimi nina boti mbili za sangara hapa Majanji, Uganda, na jambo hili linanigusa mfukoni. Naomba nimjibu.

Kenya na Somalia zilifika mahakamani kwa kuwa hazikuwa na mstari wa baharini zilioukubali zote mbili. Sisi tunao tangu 1926, Waingereza walipouandika wakati nchi zote mbili zikiwa mikononi mwao. Wala si siri. Fungua Jedwali la Pili la Katiba yetu ya 1995: mstari unatoka latitudo ya digrii 1 kusini, unapanda hadi ncha ya magharibi ya kisiwa cha Pyramid, kisha ncha ya magharibi ya Ilemba, ya Kiringiti na ya Mageta, hapo unapinda kuelekea Sumba, halafu unaishia katikati ya mdomo wa Mto Sio, jirani yetu hapa. Hivyo ni visiwa vyenye majina na wenyeji. The Hague watatuambia nini zaidi?

Tena sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa ya 1982 haihusu maziwa. Baharini hata mwamba mtupu hupata maili 12 za maji kuuzunguka. Ziwani kisiwa hakidai kitu. Kinabaki na kile ambacho mstari umekiachia. Ndiyo maana kauli ya Rais Museveni ya mwaka 2009, kwamba Migingo ni ya Kenya lakini maji ni ya Uganda, haikuniingia akilini. Migingo ni jiwe la nusu ekari hivi, limefunikwa na mabati. Upimaji wa mwaka huohuo ulionyesha mstari unapita magharibi yake, mita 500 na kidogo. Basi jiwe ni la Kenya, na maji yanayolizunguka ni ya Kenya mpaka ufike kwenye mstari. Nayasema haya nikiwa Mganda, na najua watakaoninunia mwaloni.

Kauli ile ina mahali pake, nako ni Sumba. Pale mstari haupiti mbali na kisiwa. Unafuata ufuo wenyewe, upande wa kusini-magharibi na magharibi. Mama anayeosha sufuria ufuo ule amesimama Kenya, na maji anachota Uganda. Na ufuo wenyewe hautulii. Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likavunja rekodi ya 1964. Hapa kwetu vichanja vya kuanikia mukene, yaani dagaa, vililala majini. Je, mpaka nao ulipanda nchi kavu? Na kabla ya hapo, kati ya 1961 na 1964, ziwa lilikuwa limeshapanda zaidi ya mita mbili. Sasa ile ncha ya magharibi iliyoandikwa 1926 iko wapi leo, juu ya maji au chini? Kama ni wapimaji wa kutumwa, watumwe kwa hilo.

Lakini usiku wavuvi hawabishani habari za katiba. Vijana wangu hutega jioni, wakafunga madumu ya njano ya mafuta ya kupikia na kibendera mwisho wa nyavu, kisha wakalala humo humo ndani ya boti. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu, nyavu husogea na boti huzifuata. Alfajiri simu inakukaribisha Kenya. Lakini simu hiyo hiyo hunikaribisha Kenya nikiwa jikoni kwangu Majanji, kwa hiyo nani ataiamini? Mwaka jana doria iliwakuta, ya upande gani sisemi. Askari akauliza, "Mko nchi gani?" Kijana akajibu, "Tuko ziwani, afande." Akaonekana mjeuri, na injini yangu ya hospawa 15 ikabebwa. Nilipoikomboa sikupewa risiti.

Pale mjini Busia, tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe 2018, hata mtoto anajua aingilie wapi na agongewe muhuri wapi. Majini hakuna hata kijiti.

Ninachotaka ni maboya yenye taa, kuanzia Mageta hadi Sumba hadi mdomo wa Sio, maana huko ndiko boti ndogo zinakosongamana; huko chini kwa Pyramid wakubwa waendelee kubishana. Nchi zikubaliane nambari za latitudo na longitudo za kila ncha, ziandikwe kwenye ubao katika kila mwalo, pande zote mbili. Siku hizi kila kijana ana simu ya kusoma nambari hizo, na askari wa doria pia. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria liko Jinja, na Kenya, Uganda na Tanzania zote zilitia saini kuliunda mwaka 1994. Mahali pa kukaa wakazungumza pameshapatikana.

Siku ya kuweka boya la kwanza mdomoni mwa Sio, boti nitatoa mimi. Mafuta watie wao.

Mwenye boti,
Majanji, Wilaya ya Busia