Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni: hicho kiti ulichokalia kina historia, na sisi tunaikumbuka

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Sitaji jina lako maana kwa kasi hii ya mabadiliko naweza nikaandika leo barua ikakufikia umeshahamishwa, kwa hiyo naandikia kiti, atakayekuwepo ndo aisome.

Tuanzie mbali kidogo. Tarehe 10 Disemba 1962, Mwalimu Nyerere, siku moja tu toka aanze urais wa Jamhuri ya Tanganyika, akasimama akatangaza wizara mpya kabisa, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Nchi ndo kwanza ina mwaka mmoja wa uhuru, haina madaktari, haina mainjinia, barabara zenyewe za kutafuta, na mzee anaunda wizara ya utamaduni! Na sababu aliitoa palepale, kwamba katika maovu yote ya ukoloni hakuna lililozidi lile la kutuaminisha kuwa hatukuwa na utamaduni wetu, akawasema wasomi wa wakati huo wanaojua kucheza waltz na foxtrot lakini ukiwauliza ngoma zetu kama gombesugu au lele mama wanakutolea macho. Waziri wa mwanzo alikuwa Lawi Nangwanda Sijaona, huyuhuyu ambaye watu wengi leo wanamjua kama uwanja wa mpira pale Mtwara. Mi huwa nacheka peke yangu, waziri wa kwanza wa utamaduni kabaki jina la uwanja wa mpira, ukisoma mbele utaona kwa nini nacheka.

Basi toka hapo utamaduni umekuwa kama mpangaji, kila baada ya miaka kadhaa anafungasha godoro. Ulipelekwa maendeleo ya jamii, ukarudishwa kwa vijana miaka ya 70 ambapo Jenerali Sarakikya alitoka kuwa mkuu wa majeshi akaja kuushika, baadae ukaingizwa elimu, tukawa na Wizara ya Elimu na Utamaduni mpaka enzi za marehemu waziri Joseph Mungai, na kule elimu mnajua wenyewe, waziri ana mitihani, ana madawati, ana walimu, utamaduni unasubiri kwenye benchi. Ila tuseme ukweli, ni hukohuko elimu ndo Sera ya Utamaduni ya 1997 ilipotoka, kwa hiyo sio kwamba walilala tu. Na wala sisemi enzi za mwanzo zilikuwa peponi, 1968 vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, walitangaza vita na vimini na mawigi na suruali za kubana kwa jina la utamaduni huohuo.

2006 Rais Kikwete akauhamishia kwenye habari na michezo. Na hapo Mheshimiwa ndo naona tulipotelea. Habari ina kelele zake, michezo ina kelele zaidi, utamaduni hauna kelele kabisa, bibi anayejua nyimbo za unyago akifa hakuna kipindi cha redio kinachochambua. Hata habari yenyewe haikai, Septemba 2021 iliondolewa ikapelekwa mawasiliano, Disemba 2024 ikarudi, kila mara mabango yanabadilishwa na barua zinachapwa upya.

Sasa njoo kwenye mawaziri wenyewe. Kuanzia Disemba 2015 mpaka Disemba 2024, hesabu na mimi: Nape, Mwakyembe, Bashungwa, Mchengerwa, Pindi Chana, Ndumbaro, Kabudi. Saba kwa miaka tisa, na mmoja wao, Mwakyembe, alikaa zaidi ya mitatu peke yake, kwa hiyo waliobaki piga hesabu mwenyewe. Halafu kuna kitu sijaona watu wakikisema. Mwakyembe alitokea Wizara ya Katiba na Sheria. Chana alibadilishana viti na Mchengerwa Februari 2023, yeye akitokea Maliasili, Agosti hiyohiyo akapelekwa Katiba na Sheria kubadilishana na Ndumbaro, na Disemba 2024 Ndumbaro akarudishwa Katiba na Sheria kubadilishana na Kabudi. Yaani kuna korido kabisa kati ya wizara hizi mbili! Sina ugomvi na wanasheria, ni watu wasomi, na Kabudi ukimpa maiki aongelee historia hutamani amalize. Ila mtu anakuja, anapokewa na ngoma mlangoni, anajifunza nani ni BASATA (baraza la sanaa) nani ni BAKITA (baraza la Kiswahili), akishaelewa TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, wanahitaji nini, simu inalia.

Na hata akikaa, ana nini mkononi? Pale Posta Dar kuna jengo linaitwa Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni. Nyumba ya Utamaduni! Lipo chini ya Maliasili na Utalii. Mambo ya Kale, michoro ya kwenye mawe ya Kondoa, yote yako kwa waziri wa tembo na simba. Afisa utamaduni wa wilaya bosi wake ni halmashauri, yaani TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Sasa waziri wa utamaduni anabaki na nini, anabaki na tamasha na Taifa Stars.

Mwaka juzi nilienda ofisi ya halmashauri moja, siitaji, nikitaka kumuona afisa utamaduni kuhusu wazee watatu wa kwetu wanaojua ngoma ambayo vijana hatuijui tena, nilitaka tu aje na simu arekodi. Nikaambiwa yuko uwanjani, ni msimu wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Wiki ya pili bado UMITASHUMTA. Sikumlaumu, cheo chake kinasema utamaduni na michezo na mashindano ya watoto hayasubiri. Nilipofanikiwa kumpata wazee walikuwa wamebaki wawili, na aliyekwenda ndo alikuwa mpigaji.

Najua AFCON 2027 inakuja, tunaandaa na Kenya na Uganda, na kila mtu anataka picha uwanjani, goli likiingia Rais Mama Samia anatoa hela na sisi tunashangilia, hata mimi ni Yanga damu. Lakini nakuomba, huyo aliyekuachia ofisi hebu muulize alifikia wapi, na wewe ukiondoka andika umefikia wapi ili anayekuja asianze na utambulisho upya. Na ukipata nafasi ya kuongea na Rais muombe Makumbusho na Mambo ya Kale yarudi huko kwako, watalii wataendelea kwenda tu, hawaulizi wizara getini.

Bajeti yako ikisomwa Dodoma nitakuwa kwenye redio na daftari. Nataka nione utaongelea mpira mpaka ukurasa wa ngapi ndo neno ngoma lisikike.

Mpiga kelele wako,
mjukuu wa mpigaji