Ukali wa Maneno Pekee Si Uchochezi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu kosa la uchochezi, ambalo limekuwa likitajwa kwa wepesi mno kila mtu anapowasema vibaya wenye madaraka.

Anayesema serikali imeoza, anayeitisha mgomo au kumtaka waziri ajiuzulu anaweza kuwaudhi wengi, lakini hajamtuma yeyote kumdhuru mwenzake. Mpango wa Rabat wa mwaka 2012, uliotayarishwa chini ya Umoja wa Mataifa, unataka mambo sita yapimwe kabla ya kauli kuhesabiwa kuwa jinai: mazingira, msemaji mwenyewe, nia yake, maneno na namna yalivyotolewa, upana wa kuenea kwake, na uwezekano wa madhara kutokea.

Nia ndiyo ngumu kuliko yote kuthibitisha, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Huko Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1946, katika kesi ya viongozi wa utawala wa Kinazi, Julius Streicher, mchapishaji wa gazeti, alihukumiwa kunyongwa kwa kuwa alihimiza Wayahudi waangamizwe wakati mauaji yao yakiendelea. Hans Fritzsche, mtangazaji wa redio wa utawala uleule, aliachiwa huru licha ya kauli zake za chuki, kwani mahakama haikuridhika kwamba alikusudia kuwachochea Wajerumani watende ukatili. Wapo wanaoiona hukumu hiyo kuwa laini. Mimi naiona ya haki, maana chuki ya mtu, hata ikinichukiza kiasi gani, haitoshi kumtia hatiani kwa damu iliyomwagwa na wengine.

Hata hivyo, tusidhani kwamba mchochezi ni lazima atamke neno “ueni”. Nchini Rwanda mwaka 1994, redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende, ikataja watu kwa majina na mahali walipo, huku wauaji wenye mapanga wakiwa wamekwisha kuweka vizuizi barabarani. Kwa msikilizaji wa aina hiyo, jina na mahali vilitosha kuwa amri. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ilipotoa uamuzi wa rufaa mwaka 2007, ilieleza kwamba matamshi ya chuki peke yake si uchochezi wa mauaji ya kimbari, lakini ikashikilia hatia ya uchochezi kwa matangazo yaliyorushwa baada ya Aprili 6 mwaka huo wa mauaji.

Kwa hiyo nawasihi waendesha mashtaka wetu wataje katika hati ya mashtaka maneno yenyewe, yalisemwa wapi, mbele ya nani, na madhara gani yalikuwa karibu kutokea. Asiyeweza kuonyesha hayo asimfikishe mtu kizimbani, wala asimweke rumande wiki nenda wiki rudi huku ushahidi ukiendelea kutafutwa.

Msomaji wako