Rehema, msiwasimulishe tena pamoja

Mpendwa Rehema,

Nifikishie shikamoo kwa mama, na watoto wote wasalimie. Huku hatujambo. Mvua zimeanza na Mama Tumaini kajifungua salama, mtoto wa kike. Ya Deo na kiwanja nitakueleza tukionana, ni marefu.

Ninaandika kwa sababu ya ujumbe wako wa sauti. Umesema akina mama waliovuka ziwa majuzi kutoka Kongo walikusanywa kwenye hema moja hapo kambini, kila mmoja akaombwa aeleze yaliyompata ili autue moyo, na wawili wakazimia. Ukauliza mtawatulizaje. Rehema, kabla ya kuwatuliza, simamisheni hicho kikao. Alhamisi kisirudiwe.

Najua aliyekipanga alikuwa na nia njema, na kusimulia kweli kunaponya. Ila kinachoponya ni kusimulia kwa mpangilio, mbele ya mnasihi aliyefundishwa, kwa muda wa kutosha hadi hofu ipande kisha ishuke. Mtu akikatizwa hofu ikiwa juu kabisa kwa kuwa zamu ya mwenzake imefika, anaondoka na somo moja: kulikumbuka lile ni hatari. Kesho atalikwepa zaidi. Na wale wengine kumi na kitu wamebebeshwa ya wenzao juu ya yao. Shirika la Afya Duniani linakataza kabisa vikao vya namna hiyo, vya kuwahoji watu mara tu baada ya tukio.

Kwa sasa fanyeni yale madogo: tazama, sikiliza, unganisha. Nani ana jeraha, nani hana blanketi, nani kapoteana na mtoto na anahitaji simu. Anayetaka kusema asikilizwe, asiyetaka asiulizwe. Aliyebakwa afikishwe zahanati leo hii, maana dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na za dharura za kuzuia mimba ndani ya siku 5. Mwambie pia yule muuguzi wenu asigawe diazepam, ile dawa ya kutuliza, ili watu walale. Haitibu kiwewe, na kuizoea ni rahisi mno. Wengi wao watapata nafuu wenyewe katika wiki chache, wakiwa salama na wakiwa na watu wao.

Mwezi ukipita, ndipo uwatafute wale ambao hawajatulia: ndoto zilezile, tukio linarudi mchana kama linatokea sasa, wanakwepa njia au watu fulani, wanashtuka mlango ukigongwa, wanajilaumu. Hao ndio wa tiba ya masimulizi, yaani kusimulia maisha yote kwa mpangilio tangu kuzaliwa. Ilijaribiwa kambi ya Imvepi, Uganda, kwa wakimbizi wa Sudan. Matokeo yalitoka mwaka 2004: baada ya vikao 4 tu, mwaka mmoja baadaye waliobaki na ugonjwa wa kiwewe walikuwa asilimia 29, na waliopewa ushauri wa kawaida asilimia 79. Baadaye, kambi ya Nakivale, hukohuko Uganda, wanasihi walikuwa wakimbizi wenyewe waliofundishwa kazi, na ilifaa. Kwa hiyo usiseme hamna daktari.

Kikao cha kwanza ni cha kupima dalili na kumweleza mtu kinachomtokea. Cha pili ndicho cha kamba. Tafuta kamba ya mita mbili tatu, ilaze sakafuni, mwanzo wake ni kuzaliwa kwake. Ncha ya mwisho iache imejiviringa, hayo ni maisha ambayo bado. Yeye mwenyewe anaweka maua penye mema na mawe penye mabaya, makubwa kwa madogo, na mshumaa kwa aliyefiwa. Kila jiwe linapata jina, mahali na mwaka, basi. "Hili ni siku ya mto, tulikuwa Fizi." Akianza kuingia ndani ya siku hiyo, mrudishe taratibu: tutafika huko, leo tunaipanga kamba. Kamba yote imalizwe kikao hichohicho, halafu ichore kwenye daftari.

Kuanzia cha tatu mnasimulia toka utotoni, dakika 90 hadi 120. Penye ua mnakaa kidogo, penye jiwe mnapunguza mwendo kabisa. Uliona nini, ulisikia harufu gani, uliwaza nini, moyo ulikuwaje? Na kila mara unamrejesha kwenye kiti: sasa hivi mikono yako inatetemeka, wakati ule je? Ubongo wake haujui kwamba siku ile imepita, unaujulisha kwa kwenda na kurudi huko. Wala usifunge kikao pale panga lilipoinuliwa. Endelea hadi alipofika salama, nani alimpa maji, usiku huo alilala wapi. Baadaye unaandika yote, kikao kinachofuata unamsomea, anasahihisha. Mwishoni anapewa simulizi nzima mkononi.

Waliozimia si wadhaifu. Mwili ukizidiwa, shinikizo la damu huporomoka. Ukiona macho yameganda, sauti inafifia, midomo inapauka, mwambie apishanishe miguu, abane mapaja na akunje ngumi kwa nguvu, aachie kidogo, arudie. Mpe maji baridi. Wengi hapo humwambia mtu avute pumzi na kulegeza mwili, na ndiyo kumsukuma azimie. Akishaanguka, mlaze uinue miguu yake.

Mkalimani naye anaharibu kazi bila kujua. Aseme "nilikimbia", asiseme "anasema alikimbia". Na asiwe mtoto wake wala jirani yake, mahema yenu hayana ukuta.

Utaniambia mmebanwa, lazima kikundi. Kikundi kipo kinachofaa. Mashariki mwa Kongo, kwa wanawake waliobakwa, walifanya kikao kimoja cha mtu peke yake na 11 vya kikundi cha watu sita hadi wanane, na matokeo mazuri yalichapishwa mwaka 2013. Lakini angalia: mle hawakuelezana tukio lenyewe. Walifanyia kazi wazo lililomkwama mtu. "Ni kosa langu, nilikwenda kuni peke yangu." Wazo hilo linaleta hisia gani? Nani alichagua kutenda ubaya? Ungemwambia dada yako hivyo? Wengi walikuwa hawajui kusoma, mazoezi wakayashika kichwani. Hapo ndipo ninaporudi kwenye Alhamisi yenu: kukaa pamoja hakudhuru, kinachodhuru ni kumwaga yote hadharani na kuondoka.

Anayetaka kujiua, au anayelala nyumba moja na anayempiga, usimwanzishie kamba. Usalama kwanza.

Sasa nijibu haraka. Yule uliyesema hajala, amekunywa hata maji? Anaye mtu wa kulala naye karibu? Kati yao kuna waliobakwa, na saa 72 zimepita? Mkuu wenu atakubali kuahirisha, au nimpigie Baba Neema azungumze naye? Mna chumba hata kimoja chenye mlango? Nani anakusikiliza wewe kila wiki, au unabeba peke yako? Na mkalimani wa Kibembe mnaye, au nimuulize Furaha?

Nakutumia daftari la maswali ya dalili kwa basi la Jumatano, mpokee dereva pale stendi.

Akupendaye,
Stella