Barua kwa Masanja kuhusu kiwanja cha ghala la dawa za pamba

Kibaha, Machi 2024

Mpendwa Masanja,

Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba shemeji amepona. Umeniuliza kama ni busara kununua kiwanja kile kilichokuwa na ghala la dawa za pamba, ambacho mwenyewe anakiuza kwa nusu ya bei ya viwanja vya jirani, akisema ghala limekwisha kubomolewa na madebe yote yameondolewa. Nakuomba usilipe hata shilingi kabla udongo haujapimwa, na uvumilie nikueleze sababu, kwa kuwa nakujua hukubali katazo tupu.

Hapa kwetu Mkoa wa Pwani lipo shamba la Vikuge. Mwaka 1986 ililetwa pale shehena ya viuatilifu kutoka Ugiriki kwa jina la msaada, baadhi vikiwa vimekwisha muda wake (msaada wa namna hiyo nao tuliupokea kwa shukrani!), vikawekwa katika banda la wazi ambalo hatimaye liliporomoka. Masalia yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa baadaye, na mpita njia angeamini kuwa kazi imekwisha. Watafiti waliochimba pale na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004 walikuta udongo wa juu, mahali palipozidi, una DDT na mabaki yake kwa asilimia 28, pamoja na HCH kwa asilimia 6, zote mbili dawa za kuua wadudu za aina iliyotumika pia kwenye pamba; walikuta masalia hayo hadi kina cha sentimita 50, na hata katika maji ya kisima. Katika kilo moja ya udongo wa mahali pale, basi, zaidi ya robo ilikuwa dawa.

Kemikali hizi zilitengenezwa kwa kufunga klorini kwenye kaboni, kifungo ambacho vijidudu vya udongoni hukifungua kwa shida sana. DDT ikivunjika hugeuka kuwa DDE, ambayo ni sugu kuliko hata mama yake. Haziyeyuki kwa urahisi katika maji, hivyo usitegemee masika yazioshe. Zinayeyuka katika mafuta, na ndiyo maana huhamia katika miili ya viumbe na kukaa humo. Umeandika kwamba shemeji anataka kufuga kuku wa kienyeji pale. Hapo ndipo niliposhtuka zaidi, kwa sababu kuku anayechakura humeza udongo siku nzima, na sumu hiyo huingia katika kiini cha yai, kisha katika mwili wa anayelila yai, na kwa mama anayenyonyesha, katika maziwa yake. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka lindeni, ambayo ni aina mojawapo ya HCH, miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na DDT miongoni mwa vile vinavyoelekea kuisababisha.

Utaniambia kwamba DDT bado inaruhusiwa kupuliziwa ukutani kupambana na malaria. Ni kweli, Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sugu kama hizi, uliacha mlango huo wazi, lakini dawa iliyopimwa kwa gramu chache ukutani haifanani na magunia yaliyopasukia chini kwa miaka mingi.

Harufu ya ukungu uliyoniandikia, ambayo majirani wa kiwanja wanaisikia mvua za kwanza zinaponyesha, inanitia wasiwasi pia. DDT hainuki sana. HCH ndiyo yenye harufu ya namna hiyo, ingawa pua haiwezi kuwa kipimo.

Wasiliana na ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya kanda yenu, uwaulize utaratibu wa kupima. Waoneshe palipokuwa mlango wa ghala na mahali pa kupakulia mizigo, maana huko ndiko dawa humwagika zaidi, nao wachukue udongo wa juu na wa chini. Usichimbe mwenyewe kwa mikono mitupu. Zile mbao za ghala ambazo muuzaji anakupa bure, zikatae, wala usikubali zichomwe moto hapo, kwa kuwa moto wa kawaida unapounguza vitu vyenye klorini huzalisha dayoksini, sumu nyingine ya jamii hiyo hiyo.

Muuzaji akikataa udongo upimwe, niandikie mara moja, tutafute kiwanja upande wa pili wa barabara hata kama kitakuwa kidogo. Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
Rashidi