Kalavati lipimwe kwa dakika pia, si kwa ukubwa wa kidakio tu

Ndugu Mhariri,

Korongo likikata barabara hapa Dodoma, lawama yote huangukia mvua. Lakini mara nyingi aliyekadiria kalavati alitazama ukubwa wa kidakio tu, yaani eneo lote linalomwaga maji yake kwenye korongo hilo, asiulize maji yanachukua dakika ngapi kufika pale.

Vidakio viwili vya kilomita za mraba 10 kila kimoja havileti mafuriko sawa. Kilicho duara kama ungo hukutanisha makorongo yake kwa wakati mmoja, kwa hiyo maji huja mengi kwa mpigo. Kilicho chembamba na kirefu huyaleta kwa zamu.

Mteremko nao una hesabu yake. Kwa fomula ya Kirpich ya 1940, korongo la kilomita 5 linaloshuka mita 100 hufikisha maji ya mbali kabisa kwa dakika 62 hivi. Likishuka mita 25 tu, ni kama dakika 106. Chukua urefu kwa mita, upandishe kwa kipeo cha 0.77, gawanya kwa mteremko (mita za kushuka kugawanywa kwa mita za urefu) uliopandishwa kwa kipeo cha 0.385, kisha zidisha kwa 0.0195. Ni fomula ya vidakio vidogo, usiipeleke kwenye mto mkubwa kama Kinyasungwe.

Urefu upimwe kwa uzi unaofuata kona zote za korongo. Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita moja ni mita 500. Rula hukata kona na kufupisha safari ya maji.

Kwetu mtego mkubwa uko kwenye mteremko. Korongo huanzia kwenye mwamba mtupu, halafu linalala kwenye mbuga tambarare. Ukichukua wastani wa kutoka kileleni, mwamba unakudanganya: maji yanaonekana ya haraka kuliko yalivyo. Acha asilimia 10 ya chini na 15 ya juu, upime mteremko wa katikati.

Linalotutia hofu zaidi ni viwanja vipya. Korongo likinyooshwa na kujengewa zege, muda huzidishwa kwa 0.2: dakika 62 zinakuwa 12, na maji hufika kwa mpigo. Kalavati la zamani kule chini halijabadilika, wala wakazi wake hawakuulizwa. Tunaomba kila mchoro wa mfereji unaopelekwa kuidhinishwa uonyeshe dakika za kabla na za baada, hadi kwenye kalavati la mwisho.

Wadau wa maji,
Dodoma